Redio Chini ya Kanga

Bwenini, Iringa
9 Septemba 1973

Mjomba Bartolomeo,

Shikamoo. Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta umetoka kazini na umeshavua viatu. Mimi ni mzima ila nimechoka. Tunaamshwa saa kumi na moja, tunafagia, tunasali, tunasoma, tunalima shamba la shule, halafu tunasoma tena. Kidato cha Nne wote tunasinzia wakati wa misa. Tekla, ninayekaa naye dawati moja, amejifunza kulala macho wazi. Mama mdogo Regina ameniandikia kutoka Ilula kwamba nyanya mwaka huu ni nyingi mpaka zinaozea kando ya barabara, na wasafiri wanapita bila kusimama. Anakusalimu.

Bibi anaendeleaje? Tangu ulipomhamishia kwako Mbeya ili awe karibu na hospitali, habari ninazopata hazinitoshi. Uliandika kwamba hajambo kidogo. Mjomba, nimelala na bibi kitanda kimoja tangu mama alipofariki, nikiwa na miaka minne, mpaka siku niliyoletwa bweni. "Hajambo kidogo" haijanieleza kitu. Naomba uniandikie anakula nini, anatembea mpaka wapi, na kama mguu bado umevimba.

Sasa mambo yetu mengine. Nikichoshwa na jiometri nafungua kitabu cha tarakimu za besiboli alichokuachia Bwana Harold, yule mpimaji wa barabara. Kurasa zimeanza kuachana. Kitabu kinaishia mwaka 1970, kwa hiyo yaliyofuata nayaandika pembeni kwa penseli, kutokana na barua zako. Kwa yule mpigaji Clemente niliandika 3000, kwa sababu alipiga mapigo elfu tatu kamili, halafu mkesha wa mwaka mpya ndege yake ikaanguka baharini akipeleka misaada kwa watu wa tetemeko. Mwili wake haukuonekana. Namba yake nimeiandika lakini mpaka leo mkono unaona kama mtu huyu hajamaliza.

Tekla aliniuliza besiboli ni mchezo gani. Nikamweleza kama ulivyonieleza mimi: mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne mpaka arudi alipoanzia, na hapo panaitwa nyumbani. Nikamwambia pia jinsi mlivyocheza kambini Ruaha Mbuyuni, vituo vikiwa magunia ya vitunguu na gongo likiwa mpini wa jembe. Akauliza, "Kama anarudi alipoanzia, alikuwa anakwenda wapi?"

Umesema Mets wa New York mwezi uliopita walikuwa wa mwisho katika kundi lao na sasa wanapanda. Mwambie bibi yule mzee wake, Willie Mays, bado yumo. Mwaka 1971 babu alipofariki, bibi alivua kanga yake akaifunika redio, ikakaa mezani siku arobaini, na fainali yote ya Clemente ikatupita. Ulisema nyumba ya msiba redio hailii, hata kwa Clemente. Mwaka huu naomba Mungu redio iwe wazi Oktoba yote.

Nijibu mapema.

Mpwa wako,
Kalista

*

Soweto, Mbeya
23 Septemba 1973

Kalista mwanangu,

Marahaba. Kamwene. Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama asikie. Hapa ni vumbi na baridi. Wiki nzima tumekuwa tukiziba mashimo kwenye barabara ile ile niliyoshika fito ikipimwa. Malori ya Zambia yanaitafuna. Nikirudi nyumbani mgongo hautaki kunyooka, nakula nimesimama.

Umeuliza maswali matatu, nayajibu kama mtu wa mahakamani. Anakula uji wa ulezi asubuhi na kiazi nusu jioni. Anatembea mpaka mlango wa jiko, anakaa pale juani. Mguu umevimba, wa pili nao umeanza. Daktari amempa vidonge na amesema apumzike.

Nilimsomea ulipoandika kwamba habari hazikutoshi. Akacheka, akasema, "Mwambie mke mwenzangu asome vitabu vyake. Akija hapa ataninyang'anya jua langu." Unamjua. Tangu babu yako alipokuita mke wake mdogo hajakusamehe.

Siku ya Alhamisi Mays ametangaza kwamba mwisho wa msimu huu anaacha kucheza. Sauti ya Amerika walisema hivyo asubuhi, nikamweleza mama. Akauliza ana miaka mingapi. Nikamwambia arobaini na miwili. "Arobaini na miwili ndiyo uzee? Mimi wakati huo nilikuwa nakata kuni mlimani nikiwa nimebeba mama yake Kalista mgongoni. Mwambie aendelee." Nikasema nitamfikishia.

Usifikirie safari. Mtihani wako ni Novemba. Tumia macho yako kwenye daftari.

Mimi mjomba wako,
Bartolomeo

*

Bwenini, Iringa
30 Septemba 1973

Mjomba,

Shikamoo. Nimeipata barua yako jana. Mvua bado, maji ya bomba yanatoka saa moja tu kwa siku na tunagombana foleni. Tekla ana homa, nimemwachia shuka langu.

Mjomba, naandika kwa jambo moja na naomba usinikasirikie. Mguu wa pili kuvimba si jambo dogo. Nimesoma katika kitabu cha biolojia kuhusu moyo na maji mwilini, nikaacha kusoma kabla ya ukurasa kuisha. Nilikwenda kwa Sista Mkuu. Mimi si mtu wa kwenda ofisini, unanijua, nilisimama nje ya mlango mpaka akatoka mwenyewe. Nikamwomba siku nne: moja ya kwenda, mbili za kukaa na bibi, moja ya kurudi. Hakukataa. Amesema anahitaji barua ya mlezi wangu, mistari miwili inatosha, aseme kwamba mgonjwa anahitaji kuniona. Nitarudi mapema, mtihani unaanza tarehe 12 Novemba.

Naomba uiandike. Mistari miwili tu. Nitabeba vitabu kwenye basi.

Na fainali zikianza niandikie kila mchezo. Nimeshachora mistari kwa rula kwenye ukurasa mtupu wa mwisho wa kitabu: michezo saba, nafasi ya namba, na nafasi ya maneno machache kuhusu Mays. Mwambie bibi kwamba siji kwa ajili ya jua lake.

Kalista

*

Soweto, Mbeya
25 Oktoba 1973

Mpwa wangu Kalista,

Salamu nyingi. Samahani kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi na nilisafiri kidogo. Sisi sote hapa tu wazima.

Bibi anaendelea vizuri. Mguu umepungua. Juzi alikula ugali na mboga, akatembea mpaka kanisani na kurudi. Anakusalimu sana mjukuu wake na anakuombea katika mtihani. Kwa hiyo ile barua ya ruhusa sikuona haja yake. Ukimaliza utakuja ukae hata mwezi.

Aaron wa Atlanta amemaliza msimu akiwa na homu-rani 713, yale mapigo ya kuvuka uzio, moja tu chini ya rekodi ya Babe Ruth. Hiyo ni kweli kabisa. Atakaa nayo mpaka Aprili.

Fainali imekwisha. Mets wamewafunga Oakland michezo minne kwa mmoja. Mchezo wa kwanza 4–2, wa pili wakapoteza 3–1, kisha 5–0, 6–3, na wa mwisho 3–2. Ule wa mwisho walikuwa sawa mpaka zamu ya tisa, ya kumalizia. Wakamwingiza Mays. Mpira wa kwanza akauacha, wa pili akaupiga ukavuka uzio. Akazunguka vituo vyote polepole, uwanja mzima umesimama, akakanyaga nyumbani, wakambeba mabegani. Ndivyo alivyoagana.

Soma kwa bidii.

Bartolomeo

*

Bwenini, Iringa
4 Novemba 1973

Mjomba,

Shikamoo. Nilipofika mahali Mays anakanyaga nyumbani niliweka barua chini nikaenda nje kidogo. Mimi ambaye sisemi darasani nilimwamsha Tekla nikamwambia. Akasema, "Hongera, kama ni ndugu yenu." Nimeandika yote kwenye ukurasa wa mwisho kwa penseli. Michezo ilikuwa mitano, kwa hiyo mistari miwili imebaki mitupu. Sikupenda kuifuta.

Nimefurahi kwamba bibi anatembea. Nimesoma sehemu hiyo mara nyingi. Jambo moja tu: umeandika kwamba anamsalimu "mjukuu wake". Ameacha lini kuniita mke mwenzake? Au ulikuwa na haraka?

Ninaweka ukurasa huu wa pili kwa ajili yake. Naomba umsomee mwenyewe, kwa sauti, asipokuwa na wageni.

*Bibi, mke mwenzangu. Shikamoo. Yule mzee wa New York alikusikia. Ulimwambia aendelee, akaendelea, akaupiga mpira ukaenda usikoonekana, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Nawe umetembea mpaka kanisani. Mimi nina mitihani kumi. Usiku nikishindwa kulala nahesabu vituo: cha kwanza ni shule, cha pili mtihani, cha tatu basi la Mbeya, cha nne ni mlango wa jiko ulipokaa. Usihame hapo. Jua lako sitaligusa, nitakaa kivulini.*

Ni hayo tu. Wiki ijayo tunaanza.

Kalista

*

18 Novemba 1973

Kalista,

Naandika kwa penseli, niko safarini na lori la kazi.

Nimemsomea bibi ukurasa wako leo Jumapili baada ya misa. Nimeusoma wote, neno kwa neno, mpaka pale pa kivulini. Hakunikatiza. Kulikuwa na upepo, ikabidi niushike kwa mikono miwili.

Maliza mitihani yako. Usiniwazie.

B.

*

Bwenini, Iringa
28 Novemba 1973

Mjomba,

Shikamoo.

Mitihani imekwisha jana. Nimeifanya yote. Wenzangu wamechoma karatasi za mazoezi nyuma ya jiko. Sikwenda.

Nataka nikueleze kitu kwa utaratibu, kwa sababu nikikieleza vingine nitashindwa.

Mke wa daktari Mmarekani wa misheni ya Walutheri huja kutufundisha biolojia mara moja kwa wiki. Tunamwita Mama Daktari. Baba yake yuko New York na humkatia vipande vya magazeti, anamtumia kwa ndege. Sijawahi kuzungumza naye nje ya darasa. Leo asubuhi alikuja kutuaga, nikajikaza, nikamfuata mpaka kwenye gari lake, nikamwuliza kama ana picha ya Mays akiwa amebebwa mabegani baada ya fainali.

Alinitazama. "Nani alikuambia Mets walishinda?"

"Mjomba wangu. Anasikiliza redio."

"Labda redio yake haisikiki vizuri."

"Redio yake inasikika vizuri," nikasema.

Akatafuta kwenye mkoba, akanipa vipande viwili niende navyo. Mjomba, Oakland walishinda. Michezo ilikuwa saba, si mitano. 2–1, Oakland. 10–7, Mets. 3–2, Oakland. 6–1 na 2–0, Mets. 3–1 na 5–2, Oakland. Hakuna mchezo hata mmoja ambao namba zake zinafanana na zako. Mays hakupiga homu-rani. Katika mchezo wa pili alikimbilia mpira, jua likamwingia machoni, akaanguka. Picha ninayo. Mtu aliyeitwa bora kuliko wote amepiga magoti kwenye majani.

Nilikaa na vile vipande mpaka kengele ya chakula. Nilijaribu kufikiri kwamba ulisikia vibaya. Lakini wewe mwaka jana uliniandikia mpaka idadi ya waliorudi nyumbani katika kila zamu. Mtu kama wewe hasikii vibaya fainali nzima. Labda hakusikia kabisa.

Na redio yako hainyamazi Oktoba isipokuwa imefunikwa.

Nikaitoa bahasha ya barua yako ya penseli. Muhuri ni wa posta ya Iringa. Uliniandikia ukiwa hapa hapa Iringa, ukapita. Kutoka kwako Mbeya mpaka hapa ni mwendo wa siku nzima. Mbele ya hapa sisi tuna Ilula tu, na Ilula tuna kaburi la babu na la mama.

Bibi asingekaa kimya ukimsomea ukurasa mzima. Angenijibu.

Sikuulizi kama amefariki. Nakuuliza redio imefunikwa tangu siku gani.

Ijumaa tunafunga. Sitakuja Mbeya. Nakwenda kwa mama mdogo Regina. Niandikie huko.

Kalista

*

Soweto, Mbeya
9 Desemba 1973

Kalista mwanangu,

Leo ni sikukuu, watu wako uwanjani. Mimi nimekaa ndani na barua yako.

Redio imefunikwa tangu Alhamisi, tarehe 11 Oktoba, saa tisa mchana.

Nitakueleza yote, na ukimaliza kusoma ufanye utakavyo.

Barua yako ya kuomba ruhusa niliipata tarehe 4. Niliiandika hiyo mistari miwili siku ile ile. Nikaitia mfuko wa koti. Kila asubuhi nilipita mbele ya posta nayo. Ninayo mpaka leo, imechakaa kwenye mikunjo. Mama aliuliza mara mbili, "Mke mwenzangu anakuja lini?" Mara ya kwanza nikasema akimaliza mtihani. Mara ya pili nikajifanya sikusikia. Usiambiwe na mtu yeyote kwamba yeye ndiye aliyesema usiitwe. Watu watakuambia hivyo ili wakutulize. Alikutaka. Aliyekuzuia ni mimi.

Nilikuwa darasa la sita mwaka 1948, wa pili katika darasa, wakaja kuniita kwamba baba anaumwa, huenda asifike asubuhi. Nilitembea siku mbili. Baba alipona akaishi miaka mingine ishirini na mitatu, ukamjua, akakuita mke wake. Shule haikunisubiri. Tangu hapo nimeshika fito za wenzangu wanaopima. Nilidhani na mama atapona kama baba. Halafu nikadhani atasubiri. Sikuwa na ujasiri wa kudhani jambo la tatu.

Asubuhi ile ya mwisho redio ilikuwa wazi. Walisema Mets wamewatoa Cincinnati, wameingia fainali, na Mays aliingizwa akapiga pigo moja dogo lililoleta mtu nyumbani. Nikamwambia mama. Alikuwa ameketi nimemwegemeza kwenye mto. Akasema, "Basi. Apumzike sasa." Hilo ndilo la mwisho nililolisikia kutoka kwenye redio, na karibu ndilo la mwisho nililolisikia kutoka kwake. Mchana alilala. Nilivua kanga yake begani nikaifunika redio kabla sijamwita jirani. Sijui kwa nini nilianza na redio.

Tulimleta Ilula Ijumaa usiku kwa lori alilotupatia msimamizi wa kazi, Filemoni akiendesha. Jumamosi alfajiri tulifika chini ya mlima wa Iringa, maji yakawa yameisha kwenye rejeta. Tukasimama. Kutoka pale niliiona mikaratusi ya shule yenu. Filemoni akaniambia, "Mzee, panda ukamchukue. Mimi nasubiri." Nikatazama saa. Nikafikiri, wanaamka sasa hivi, wanafagia. Nikafikiri, wiki nne tu. Nikamwambia ajaze maji twende. Nimekishika kile kilima kwa macho mpaka tulipokata kona. Hilo silielezi vizuri kwa sababu halielezeki vizuri.

Regina na wengine wote niliwaomba wasikuandikie. Walinikubalia, wengine kwa shingo upande.

Ulipotaka habari za fainali sikuweza kuifunua redio na sikuweza kukuambia kwa nini. Nikakaa mezani nikatunga. Nilidhani nitaandika namba tu. Lakini nilipoanza na bibi kwenda kanisani, Mays naye akapiga ukavuka uzio. Mkono uliandika wenyewe. Kwa muda wa barua moja walikuwa wazima wote wawili. Nilisahau kwamba unayaandika kitabuni.

Ukurasa wako nilimsomea kweli. Nilipata lori la kokoto linalokwenda huko, nikasimama kaburini. Hilo sikutunga.

Siku arobaini zilitimia mwezi Novemba. Kanga bado iko pale. Sitaifunua mpaka utakaponiambia, na kama hutaniambia, basi.

Mjomba wako,
Bartolomeo

*

Ilula
24 Machi 1974

Mjomba,

Shikamoo. Kamwene. Mama mdogo hajambo, watoto hawajambo. Tumepanda vitunguu bondeni na mvua imevibembeleza vizuri. Mimi nakaa barabarani na mabeseni ya nyanya pamoja na Apolonia wa jirani, ambaye huniamsha gari likipunguza mwendo. Matokeo yametoka, nimepata daraja la pili na nimechaguliwa kuendelea Kidato cha Tano. Watu walinipongeza. Nilisema ahsante.

Miezi mitatu na zaidi sikukuandikia. Nilianza mara nyingi. Barua moja ilikuwa mbaya sana, niliitia jikoni. Nyingine ilikuwa ya kukusamehe, nikaisoma asubuhi nikaona ni insha tu, kama ile ya mtihani. Nayo nikaitia jikoni.

Siwezi kukuambia kwamba ulifanya vyema. Kila lori likipita hapa likitokea upande wa Mbeya natazama lililobeba. Nilikuwa nafagia, mjomba. Jumamosi ile zamu yangu ilikuwa uwanja wa mbele. Ningeweza kuona barabara kama ningeacha ufagio.

Lakini nimesoma ile sehemu ya mwaka 1948 mpaka karatasi imelegea. Hukuwahi kuniambia kwamba ulikuwa wa pili darasani.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa bibi, nimebeba kitabu na vile vipande vya Mama Daktari. Nilikuwa nimekaa na jambo ambalo lilikuwa linanisumbua kuliko nilivyotaka kukubali: kwamba ukurasa uliomsomea ulikuwa na makosa, na mimi ndiye niliyeuandika. Nikamsahihishia. Nilimwambia kwa sauti ndogo, kwa sababu kulikuwa na watu wanapalilia kaburi la upande wa pili. Nikamwambia, bibi, yule mzee hakuuvusha mpira uzio. Alianguka. Jua lilimwingia machoni, mpira ukampita, na watu wakamwonea huruma, jambo ambalo kwa mtu kama yeye ni baya kuliko kuzomewa. Kisha nikasoma kipande cha pili, ambacho siku ile sikukuandikia kwa hasira. Ni mchezo ule ule, mjomba. Walifungana mpaka zamu ya tisa ikaisha, wakaongeza zamu. Katika zamu ya kumi na mbili Mays akaja kupiga. Akaupiga mpira wa chini, wa kawaida, ukapita katikati, na mwenzake akarudi nyumbani. Mchezo huo Mets walishinda. Fainali wakapoteza, yeye akaacha kucheza.

Ninaona hii ni nzuri kuliko uliyotunga. Nilitaka kujua bibi angesemaje. Nadhani angesema, "Aliinuka mwenyewe au aliinuliwa?" Kipande hakisemi.

Ukurasa wa mwisho wa kitabu sikuufuta kwa kifutio. Nimepiga mstari mmoja juu ya namba zako, zinasomeka bado. Za kweli nimeziandika chini yake. Ile mistari miwili iliyobaki imejaa.

Mapema Aprili msimu unaanza. Aaron amekaa na 713 tangu Septemba, majira yote ya baridi. Anahitaji moja kumfikia Ruth na mbili kumpita. Magazeti ya hapa hayaandiki mambo hayo. Mimi sina redio.

Funua redio, mjomba. Niandikie namba zenyewe. Kama akishindwa, niandikie ameshindwa. Kama akianguka, niandikie ameanguka.

Mpwa wako,
Kalista

*

Soweto, Mbeya
9 Aprili 1974

Kalista mwanangu,

Marahaba. Kamwene. Hongera kwa Kidato cha Tano.

Barua yako ilifika Jumatano. Nilifunua redio siku hiyo jioni. Betri zilikuwa zimevuja, nikanunua nyingine. Siku ya kwanza nilisikia vita na bei ya kahawa tu. Ijumaa asubuhi wakasema Aaron amepiga, katika pigo la kwanza kabisa la msimu, amemfikia Ruth. Sikukuandikia. Nilitaka kuwa na hakika.

Leo Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa nimesimama na kikombe, kiatu mguu mmoja, wamesema tena. Usiku wa jana kule kwao, Atlanta, zamu ya nne. Mpira ulivuka uzio wa kushoto. Amezunguka vituo vyote mwenyewe. Mama yake alikuwepo uwanjani. Nilisikia taarifa ya asubuhi na nikasubiri ya saa moja, nikasikia tena, namba ni ile ile. Nimechelewa kazini.

Kanga ya mama nimempa Filemoni, anapita kwenu Alhamisi na lori la kokoto, atapunguza mwendo kwenye mabeseni yenu. Nimeifua. Upande uliokuwa dirishani umepauka kidogo, jua la asubuhi linafika pale mezani. Ni yako.

Ile barua ya ruhusa nimeifunga ndani ya kanga. Sikujua pa kuiweka.

Namba ni 715. Hii usiiandike kwa penseli. Iandike kwa wino.

Mjomba wako,
Bartolomeo